Sauti Yako, Mdomo wa Mwingine

Tusekile, mwenzangu,

Kulia nilikwisha kulia, siku ile pale Mbalizi, mvua inanyesha na udongo unang'ang'ania kwenye makoleo kama unakataa kukufunika. Leo sikuandikii kulia. Nakuandikia kushitaki. Nimejaribu kuwashitakia walio hai na wote wananipa jibu moja: achana nao, Mama Edo, hayo ni mambo ya mtandaoni. Kama vile mtu akitukanwa mtandaoni haumii nyumbani kwake.

Basi nisikilize wewe.

Wimbo wetu umerudi. "Mzigo wa Stendi", ule ule. Mzee Ambakisye ameutolea video baada ya miaka yote hii, na nchi nzima inauongelea. Unaujua kuliko mimi, lakini niache niusimulie tangu mwanzo, kwa sababu tangu waanze kuusimulia wao nimeanza kuogopa kwamba na mimi nitasahau ilivyokuwa.

Ilikuwa Mwanjelwa, kwenye ule ukumbi nyuma ya baa, tunafanya mazoezi mchana kabla wateja hawajaja. Ambakisye alikuja na wimbo mpya wa mume anayekwenda Chunya kutafuta dhahabu, anamwacha mke wake stendi. Sehemu ya mke alikuwa ameitunga yeye mwenyewe, na huyo mke alikuwa analia tu mwanzo mpaka mwisho, rudi baba, rudi nyumbani, nakufa. Alikupa wewe uimbe sauti ya juu, mimi nikufuate chini kama kawaida yetu. Ukaimba mstari mmoja ukanyamaza. Ukashika kiuno. Ukasema, "Huyu mwanamke mimi simjui. Ni wa wapi?"

Bendi yote ikacheka. Ambakisye hakucheka. Lakini alikuwa anajua, kama sisi sote, kwamba baba Neema alikuwa ameondoka kwenda huko huko Chunya, tena na sanduku lako, na wewe una Neema mgongoni. Akakuuliza, haya, wewe ungemjibu nini? Na wewe ukamjibu pale pale, umesimama, bila kufikiri, kwa wimbo:

*Mimi si mzigo wa stendi,*
*uniache nikungoje.*
*Mzigo hauna miguu,*
*mimi ninayo yangu.*

Mpiga besi alikosea nyuzi. Nakumbuka hilo kuliko kitu kingine chochote, kwamba yule mzee asiyekosea alikosea.

Halafu tukaenda Dar kurekodi, joto lile, kipaza sauti kimoja. Fundi alikusogeza nyuma kila ukiimba, mpaka ukawa umesimama karibu na mlango, kwa sababu sauti yako ilikuwa inazifunika za wenzako. Mimi nikabaki mbele na sauti yangu ya chini. Tulipomaliza fundi akataka turudie. Ukakataa. Ukamwambia, "Nikirudia nitakuwa naigiza." Kwa hiyo ile iliyo kwenye kanda, ile iliyopigwa redioni miaka na miaka, ile wanawake waliyoikatia viuno kwenye harusi za Mbeya, Njombe na Iringa, ni mara ya kwanza na ya mwisho. Hiyo ni hasira yako ya siku ile, wala haijawahi kuwapo nyingine.

Kava ya kanda ilipotoka ilikuwa na sura ya Ambakisye, kofia na gitaa. Jina lake, na chini yake "na bendi yake". Nilikuambia tukaulize. Ukasema, "Acha tu, sauti yangu naijua mwenyewe."

Hapo nakukasirikia na wewe, Tuse. Niache niseme. Ulijua mwenyewe, sawa. Sasa umekufa, na anayejua ni nani?

Video niliiona kwenye simu ya mtu mwingine. Nilikuwa hapa Mafinga, dukani kwangu, nashona majoho ya kwaya ya Usharika, na wasichana wa saluni ya jirani wamekuja kuota jua kwenye ngazi yangu kama wanavyofanya asubuhi za baridi. Walikuwa wanabishana. Niliposikia gitaa la Ambakisye likianza, nilifikiri ni redio. Nikatabasamu, kwa kweli. Nikawaambia huo wimbo mimi nimeuimba. Wakasema sawa, bibi, kwa ile sauti ya kumridhisha mtu mzima, wakaendelea na ubishi wao.

Wenyewe waligawanyika makambi juu ya mastaa waliowekwa kwenye video. Mmoja alisema mchezaji mpira hakustahili kuwekwa, wangemweka yule mwingine aliyefunga goli. Wa pili alisema mchekeshaji ndiye aliyeibeba video, bila yeye isingekuwa kitu. Wakabishana ni nani aliyevaa vizuri zaidi, nani kalipwa zaidi, kwa nini yule kijana wa Bongo Fleva amekaa karibu na mzee wakati ana ugomvi na fulani, na je, kumweka ni ishara kwamba wamepatana? Hilo la kupatana lilichukua muda mrefu. Nikaomba kuona.

Tuse, nilimwona mchezaji mpira anashuka kwenye lori la mbao na viatu vyeupe. Mbao za kwetu hizi, wewe unazijua utomvu wake, na viatu vyeupe! Nilimwona mrembo mmoja anauza ndizi na kucha ndefu kama vijiko. Mchekeshaji amekuwa kondakta, anaanguka, watu wanacheka. Kijana wa Bongo Fleva amekaa na gitaa mapajani, vidole havigusi hata uzi mmoja. Ambakisye yupo katikati, kavalishwa suti inayong'aa, anaangalia mahali ambapo hakuna mtu. Halafu inafika sehemu ya mke. Anatokea yule binti wa filamu, amesimama stendi, upepo unampuliza nywele. Jina lake sitaliandika hapa, wanaoliandika wanatosha. Anafungua mdomo.

Unatoka wewe.

Sijui nikuelezeje. Nilikuwa sijakusikia tangu hospitali, pale ulipokuwa huwezi tena hata kuomba maji. Halafu nakusikia, una miaka ishirini na kitu, umekasirika, na uso si wako. Mdomo si wako. Anakonyeza, Tuse. Kwenye "mimi ninayo yangu" anakonyeza na kuonyesha miguu.

Msichana mmoja akasema, tena kwa mapenzi kabisa, kumbe huyu dada anajua kuimba hivi, anapoteza muda kwenye filamu. Nikasimamisha cherehani. Nikamwambia huyo unayemsikia si yeye, huyo unayemsikia amekufa, ni rafiki yangu, nami ni ile sauti ya chini. Akaniangalia kwa huruma. Akanieleza taratibu kwamba siku hizi kompyuta inaweza kumtengenezea mtu sauti ya kizamani, ndiyo maana inasikika hivyo. Hakunitukana. Angenitukana ningepata la kumrudishia.

Siku ile ile mwanao akanipigia. Neema alikuwa ameiona kabla yangu, na alikuwa ameandika chini ya video, maneno machache tu ya adabu, kwamba sauti hiyo ya kike ni ya mama yake mzazi, marehemu, aliyekuwa anauza mchele soko la Mbalizi, na anawashukuru kwa kumkumbuka. Anawashukuru, unasikia? Hivi ndivyo ulivyomlea. Wakamshukia. Mmoja akaandika kila staa aking'aa lazima azuke mtoto wa marehemu. Mwingine akasema anatafuta kiki. Wengine wakasema anataka hela, aseme tu. Na mmoja aliandika hivi, nakuandikia kama lilivyo, kwa sababu limenikaa kooni mpaka leo: "Mama yako aimbe hivi halafu ashindwe kujulikana?"

Neema alinisomea hilo kwenye simu, kelele za soko nyuma yake. Mwishoni akaniuliza kama ni kweli. Kama labda amekosea, labda alikuwa mtoto na hakumbuki vizuri sauti ya mama yake.

Mtoto wako wa kuzaa, Tuse. Walimfanya aulize hilo.

Nilifunga duka. Mwenyekiti wa kwaya alipiga kuulizia majoho, nikamwambia wataimba na nguo za nyumbani, Mungu anawajua. Nikapanda basi la Mbeya na njia nzima, Makambako, Igawa, Chimala, nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia Ambakisye. Mama aliyekaa karibu yangu alihama kiti. Nadhani nilikuwa nayasema kwa sauti.

Neema alinipokea Uyole, tukaenda moja kwa moja Soweto, mtaani kwa Ambakisye. Nyumba ni ile ile, ila wamepaka rangi upya, nadhani kwa ajili ya wapiga picha. Mzee alikuwa sebuleni peke yake, redio imewashwa, amefunikwa blanketi miguuni. Aliposikia sauti yangu mlangoni akanyoosha mikono yote miwili na kusema, "Vumilia! Ndaga, ndaga, asante kwa kuja, mwanangu. Umetuona?" Alikuwa na furaha kama mtoto wa kipaimara. Na mimi nikawa nimesimama pale na maneno yangu yote ya kutoka Mafinga.

Nikamwambia ndiyo, nimeona. Nikamuuliza yeye ameona?

Akasema ameambiwa ni nzuri sana. Akasema walimsomea kwamba watu ni wengi mno wanaoitazama. Akauliza Tuse wamemweka vizuri? Akasema aliwapa vijana wa kampuni iliyotengeneza video ile picha yetu ya Dar, ile tunayocheka wewe na mimi, na wakamwahidi sehemu ya mke itakuwa ni picha hiyo mwanzo mpaka mwisho.

Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri. Macho yake yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa yaliyomwagika. Haoni, Tuse. Anaona mwanga na giza basi. Kumbe ndiyo maana kwenye video alikuwa anaangalia mahali pasipo na mtu.

Ningemhurumia mtu mwingine. Lakini nilikuwa nimekuja na hasira na sikuwa na mahali pengine pa kuiweka. Nikakaa, nikamwambia Neema aiweke video, nikamsimulia. Kila kitu. Nilimwambia sasa anashuka mtu kwenye lori na viatu vyeupe. Sasa mwingine anaanguka. Sasa huyu kijana ameshika gitaa kama ameshika kuku. Alikuwa anaanza kutabasamu kwenye hilo la kuku. Halafu nikamwambia sasa ni sehemu ya Tusekile, na anayefungua mdomo ni binti wa filamu. Picha yetu haipo. Nimeitazama mwanzo mpaka mwisho, Mzee, haipo.

Aliuliza kwa sauti ndogo kama labda ipo kwa nyuma, ukutani, mahali. Nikamwambia hakuna.

Wimbo ukaisha. Neema alikuwa analia kimya kimya mlangoni. Nikamuuliza lile lililokuwa langu mwenyewe, ambalo nilikuwa naona aibu kuliuliza mbele ya jambo lako. Nikamwambia, Tuse amekufa, haya. Mimi je? Mimi niko Mafinga, nina simu, namba yangu unayo. Ulishindwa nini kuniita?

Akasema, "Waliniambia wanataka watu wanaojulikana. Niliona aibu kukupigia kukuambia hivyo. Nikaona bora usijue."

Bora nisijue. Huyo ndiye Ambakisye wetu. Alidanganywa kuhusu wewe, lakini kuhusu mimi alijua, na akaendelea kuvaa suti. Nilimwambia hivyo hivyo. Nilimwambia na mambo mengine ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kumwambia mwanamume wa umri wake, na Neema akaja kunishika mkono. Hakujitetea. Alisema tu kwamba Jumamosi kuna onyesho la uzinduzi hapa Mbeya, uwanjani, na mastaa wote watakuja, na kama nina nguvu za kusimama angependa nisimame naye. Nikamwambia nitafikiria. Sikuwa na haja ya kufikiria. Nilitaka kuwaona hao watu kwa macho yangu.

Wale vijana wa kampuni hawakukataa. Waliona bibi mmoja wa kitenge jukwaani atapendeza. Waliniweka nyuma kabisa, wakanieleza kwamba wimbo utapigwa kwenye spika, hakuna haja ya kuimba, nichezeshe mdomo tu kama wengine. Mimi, Tuse. Nichezeshe mdomo kwenye sauti yangu mwenyewe.

Uwanja ulijaa. Vijana walikuja na mabango ya mastaa wao. Kila mmoja akipanda jukwaani anashangiliwa, na wengine wanazomea, ule ubishi wa simu wameuleta mzima mzima kwenye nyasi. Mchezaji mpira alishangiliwa muda mrefu kuliko Ambakisye. Mzee alishikwa mkono akakalishwa kwenye kiti, na gitaa lake alilikatalia, alisema lake litapigwa kweli au hapigi kabisa, wakaliunganisha. Mbele kabisa, pembeni, niliwaona akina mama wa Mbalizi. Neema alikuja nao, wale uliokuwa unauza nao mchele na maharage, wamekalia ndoo zao.

Wimbo ukaanza. Mastaa wakacheza. Yule binti wa filamu akasogea mbele na gauni jekundu, akanyanyua kipaza sauti kwa sehemu yako. Na Ambakisye, bila kugeuka, akainua mkono na kumwambia fundi wa mitambo, "Zima."

Nafikiri yule fundi aliogopa tu sauti ya mzee. Alizima. Uwanja mzima ukawa na gitaa moja. Binti amesimama mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Ambakisye akasema kwenye kipaza sauti, huku anaendelea kupiga, "Aliyeimba hapa anaitwa Tusekile. Amefariki, amezikwa Mbalizi. Mwenzake yuko nyuma yangu. Vumilia, shika."

Nikashika. Lakini unajua mimi naimba nini. Mimi sijawahi kuimba sauti yako hata siku moja, hata jikoni kwangu. Nikaimba ya kwangu, ya chini. Na sauti ya chini ikiwa peke yake haina maana yoyote, ni kama kuta bila paa. Sauti yenyewe imezeeka, inakatika. Vijana wakaanza kupiga miluzi. Mmoja akapaza sauti kwamba bibi ashushwe, wamelipia mastaa. Nilimsikia vizuri. Niliendelea kwa sababu ya hasira tu, miguu yangu yenyewe ilitaka kushuka.

Halafu akina mama wa Mbalizi wakaimba yako.

Hawakuimba vizuri, sitakudanganya. Kila mmoja alikuwa na ufunguo wake, waliimba kwa zile sauti za kuitia wateja, na yule mnene uliyekuwa unagombana naye kila siku juu ya nafasi ya mizani alikuwa mbele ya wimbo kuliko wote. Lakini maneno walikuwa nayo yote, hakuna lililopotea. Mimi nikawafuata chini, na kwa mara ya kwanza tangu ufe sauti yangu ilikuwa na kitu cha kushikilia. Wanawake wengine wakaingia, nyuma huko, wa umri wetu na wa chini yetu, waliokuja kuwasindikiza watoto wao. Vijana wakawa wanageuka kuangalia mama zao. Wimbo ukaisha. Makofi yalikuwepo, ya kiasi. Halafu mchekeshaji akapanda akaanguka tena na uwanja ukasahau.

Ungependa niishie hapo. Hapana, kuna zaidi.

Nilipokuwa nyuma ya jukwaa natafuta maji, yule binti wa filamu alinifuata. Nilijiandaa. Alikuwa amekasirika kuliko mimi, ametiwa aibu mbele ya watu wote wale. Akaniambia yeye aliambiwa sauti ni ya mwimbaji wa kukodi, na hakuna aliyemwambia ni ya marehemu. Akasema angejua asingekonyeza. Nilimtazama nikamwona ni mtoto tu, mdogo kuliko Neema. Akaniomba jina lako. Nikamtajia. Akaniuliza maana yake, nikamwambia ni Kinyakyusa, ni kusema tumefurahi. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mtandaoni walikuwa wanabishana juu yangu. Ni nani aliyemleta yule bibi? Amemharibia dada shoo. Wengine wanasema mzee amechanganyikiwa, uzee. Wengine wanasema yote yalipangwa. Wasichana wa saluni walinipigia simu wakiwa wamefurahi sana, kwamba na mimi sasa nina kambi.

Jioni yake binti wa filamu akaandika. Aliandika jina lako, akalikosea, ameandika Tusekele. Akasema sauti ile si yake, ni ya mama mmoja wa Mbeya aliyefariki bila kuvuma, na anaomba radhi kwa familia. Tuse, walilia. Wale wale! Mioyo na mikono ya kuomba, pumzika mama, malaika wetu, tulikuwa tunajua tu ile sauti si ya kawaida. Waliandika maelfu. Kampuni ikaenda kuongeza chini ya video, kwa herufi ndogo, sauti ya kike ni marehemu Tusekile.

Na maneno ya Neema bado yapo pale pale chini, yale ya kwanza, ya adabu. Nimemwambia anionyeshe. Hakuna aliyerudi kufuta tusi lake. Hakuna hata mmoja aliyemwandikia samahani. Mtoto wako aliposema ukweli aliitwa mwongo, na staa aliposema ukweli ule ule akaitwa jasiri. Watu wananiambia nifurahi, limekwisha vizuri, jina limeandikwa. Neema mwenyewe ananiambia hivyo. Ametulia, anauza mchele wake, kuna wateja wanakuja kumpiga picha na anawaruhusu. Mimi siwezi. Nimejaribu kanisani, nimejaribu kazini. Nikikanyaga cherehani najikuta namjibu yule aliyeuliza ilikuwaje ukashindwa kujulikana. Hukushindwa. Ulijulikana na kila mwanamke aliyewahi kuachwa kwenye kona ya barabara kati ya hapa na Tunduma. Wao ndio walioshindwa kuuliza.

Ambakisye ameahidiwa kupasuliwa macho, kuna daktari amejitolea baada ya kumwona kwenye video. Nimefurahi kwa ajili yake, bado sijamsamehe. Ananipigia kila wiki. Watu wanatuita kwenye harusi, wanatutaka wawili, mzee na bibi, na anataka sasa niimbe sehemu yako. Anasema nikifanya mazoezi nitaiweza.

Nimemkatalia. Nitakwenda, nitasimama naye, nitaimba ya kwangu. Ikifika zamu yako tunakaa kimya na gitaa linapita peke yake, na mwenye kujua maneno kwenye ukumbi atayasema. Tumeshafanya hivyo mara moja, Vwawa, kwenye harusi ya mwalimu. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyeimba, amenyanyua shela, bila haya, na mume wake anamtazama hajui acheke au aogope. Ungemtunza noti yule.

Lala, Tuse. Nakuacha hapa, wanakwaya wamesimama mlangoni wanataka majoho yao na hawataki kusikia habari zangu. Nakuahidi jambo moja, na si kwamba nitapoa, maana hilo siwezi. Nakuahidi kwamba kila nitakapousikia wimbo huo, iwe sokoni, iwe msibani, iwe kwenye simu ya mtu nisiyemjua, nitamgusa bega nimwambie jina lako, na nitalitamka taratibu mpaka aliseme bila kulikosea.

Mwenzako wa sauti ya chini,
Vumilia